Hasheem Thabeet na Bwana Harusi Aliyeteremshwa Cheo



Leo liwa na singo tumeweka pembeni. Tunataka kuzungumza juu ya mwanamume mmoja mrefu. Mrefu kweli, si ule urefu tunaoutaka sisi wa "anizidi kidogo hata nikivaa viatu vya kisigino". Hasheem Thabeet Manka, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa tarehe 16 Februari 1987, ana mita 2.21. Ringi ya mpira wa kikapu hufungwa mita 3.05 kutoka chini. Pigeni hesabu: kutoka utosini kwake hadi kwenye ringi ni sentimita 84 tu, na mkono bado hajaunyoosha. Wenzake hukimbia, wakaruka, wakajirusha ndipo wadanki, yaani wautumbukize mpira kwenye ringi kwa mkono kutoka juu. Yeye ni kama mama mrefu anayerudisha sufuria juu ya kabati.

(Tumejiuliza pia kanzu yake ya harusi inakula yadi ngapi. Fundi wetu alicheka, hakutupa jibu.)

Jina lake wengi mnalijua. Wanaume wa majumbani kwetu humsimulia kwa dakika moja: Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili, akashindwa, basi. Sisi hatukuwa na sababu ya kuifuatilia habari hiyo mpaka alipotumiwa kama ushahidi dhidi ya bwana harusi wa ndugu yetu. Na hilo lilitokea Mnazi Mmoja.

Mnazi Mmoja ya Dar, si ya kwetu. Sisi wa Unguja tukisikia jina hilo akili inakwenda hospitali yetu na kiwanja chetu karibu na bahari. Ile ya Dar ni mahali unapopita ukitoka bandarini kwenda Kariakoo. Kuna bustani, kuna Mnara wa Mwenge wa Uhuru, kisha Mtaa wa Lumumba, na ukishavuka hapo tu umeingia kwenye makelele ya wauza vitenge na mabegi. Zamani za ukoloni uwazi ule uliachwa makusudi, ili Waafrika wa Kariakoo wabaki upande wao na Wahindi na Wazungu wabaki wao. Leo pale watu wanapumzika na mizigo yao. Hatua chache kutoka hapo ni Kidongo Chekundu, ambako kuna JMK Park, kiwanja cha vijana kilichofunguliwa mwaka 2015 na kupewa herufi za jina la Rais Kikwete. Pale kuna ringi, na jioni utawaona vijana wanaruka mpaka unawahofia magoti.

Kwa haraka tuseme jambo moja, maana kuna anayelisubiri. Je, na watoto wa kike? Mwaka 2017 shirikisho la mpira wa kikapu duniani, FIBA, liliondoa katazo la kufunika kichwa mchezoni, na tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo mchezaji mwenye hijabu anaruhusiwa kuingia uwanjani. Bilqis Abdul-Qaadir wa Marekani ni mmoja wa waliolipigania sana jambo hilo, na katazo ndilo lililomzuia asiwe mchezaji wa kulipwa. Habari yake inataka makala yake peke yake, in shaa Allah tutaiandika.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Hatutomtaja jina. Ni binti wa mama mdogo, ana miaka 26, mpole lakini si mjinga. Tulivuka naye kwa boti ya asubuhi kwenda kununua vitu vya sanduku: madera, kanga doti za kutosha, mashuka, na ule udi ambao kila mtu anasema wa Kariakoo ni bei rahisi kuliko wa Darajani. Tulifikia kwa shangazi yetu anayeishi ghorofani pale pale Mnazi Mmoja. Shangazi ni mtu mzima, amezika waume wawili, na ukimpa chai hunyamaza mpaka aimalize. Siku ile hakunyamaza.

Habari zilikuwa zimeshamfika. Bwana harusi, aliyekuwa msimamizi wa tawi katika kampuni moja, alikuwa ameteremshwa cheo. Hakufukuzwa, hakuiba, hapakuwa na kesi. Ofisi ilipangwa upya, nafasi yake akapewa mwingine, yeye akarudishwa kukaa mezani kama alivyoanza, tena mkoa wa mbali, kwa mshahara mdogo. Harusi ilibakia wiki saba. Nyumbani Unguja wajomba walikuwa wameshagawanyika. Wapo waliosema tarehe isogezwe mbele "mpaka mambo yake yakae sawa", na sote tunajua posa ngapi zimekufa kwa maneno hayo hayo.

Shangazi akaweka kikombe chini, akaelekeza kidole upande wa Kidongo Chekundu. "Mwanamume akishaanza kuteremka ngazi, wanangu, hasimami katikati. Mtazameni yule Hasheem. Nchi nzima ilishangilia, leo yuko wapi?"

Bibi harusi wetu hakujibu kitu. Lakini usiku tulilala watatu kwenye chumba kimoja, na simu zilikuwa na chaji. Tukaanza kumtafuta Hasheem, tujue kweli yuko wapi.

Tulichokikuta kwanza ni kwamba hakukulia mpirani. Alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi, umri ambao watoto wa Marekani wameshaucheza miaka kumi. Na ni katika umri huo huo wa ujana baba yake alifariki. Wenye kujua nyumba inavyobadilika siku mwenye kuleta akiondoka hawahitaji maelezo. Akaenda Marekani akamalizia sekondari Houston, Texas, kisha mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun.

Pale chuoni ndipo alipong'ara, na si kwa kudanki tu. Kudanki alidanki sana, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa kuwanyima wengine. Mtu anakuja mbio kuelekea kikapuni, anajiona amefika, mkono wa Hasheem unatokea juu na mpira unarudi ulikotoka. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na mwaka huo wa 2009 akashirikiana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akaokota mipira 11 iliyogonga ringi, na kuzuia 10. Msimu ule wa mwisho wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mipira 4.2 ya kuzuia kila mechi. Connecticut ikafika hatua ya timu nne za mwisho.

Usiku wa kuchagua wachezaji wapya wa NBA, tarehe 25 Juni 2009 jijini New York (huku kwetu ni usiku wa manane kuamkia tarehe 26), Blake Griffin aliitwa wa kwanza, na Hasheem wa pili. Memphis Grizzlies walimchukua. James Harden aliitwa wa tatu. Yule Stephen Curry ambaye wanenu wanalilia jezi yake aliitwa wa saba. Mtu anayemcheka Hasheem daima huanzia hapa: "Walimwacha Curry wakamchukua huyu!" Lakini huyu hakujichagua. Aliitwa jina lake, akainuka, akaenda. Nani kati yetu angekaa?

Memphis palikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph, watu wenye vifua, na chini ya kikapu ndiyo nyumba yao. Hasheem alikuwa mrefu kuliko wao wote, ila NBA ni wanaume wazima wanaokusukuma kwa kiuno mpaka ule urefu wako unabaki kuwa wa kutazamwa. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1. Na mwezi Februari 2010, kabla hata msimu huo haujaisha, timu ikampeleka ligi ya chini, kwa Dakota Wizards, huko Bismarck, Dakota ya Kaskazini, kwenye theluji. Hapajawahi kutokea kabla ya hapo mtu aliyechaguliwa juu kiasi kile akateremshwa kule. Magazeti ya Marekani yakaandika sana.

Tulipofika hapo bibi harusi wetu akaomba tusimame. Akauliza, "Alikwenda?"

Alikwenda. Alicheza, akarudishwa Memphis, msimu uliofuata akacheza tena. Februari 2011 akabadilishwa kwenda Houston Rockets, ambako aligusa mpira mechi chache tu. Machi 2012 akapelekwa Portland pamoja na Jonny Flynn, na huyo Flynn alikuwa ameitwa wa sita usiku ule ule wa New York, kwa hiyo si Hasheem peke yake aliyeteleza. Kisha misimu miwili Oklahoma City Thunder, kwenye timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook, na msimu wa kwanza pale alicheza mechi 66. Mwaka 2014 akapelekwa Philadelphia, nao wakamwacha kabla hajacheza. Jumla ni mechi 224 za NBA, kwa wastani wa pointi 2.2.

Sisi hatutaki kuwapamba. Kwa mtu aliyeitwa wa pili duniani, pointi 2.2 ni chache, na mashabiki hawakuonea mtu. Swali letu lilikuwa jingine: kwa nini, na akafanyaje baadaye.

Kwa nini, tuna maoni yetu. Urefu ulimfikisha mlangoni kabla hajajifunza kuishi ndani. Mtatuambia mbona Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza akiwa na miaka 15, akitokea mpira wa mikono na kudaka magoli ya mpira wa miguu Lagos, na bado akawa bingwa na Houston mwaka 1994 na 1995? Huyo ndiye aliyefunga Ramadhani ya Februari 1995 huku anacheza, na mwezi ule ule akatajwa mchezaji bora wa mwezi, masha Allah. Kweli. Lakini Hakeem alipokuwa chuoni Houston alikuwa akienda likizo za joto kucheza kwenye ukumbi wa Fonde na Moses Malone, mkubwa wake, mbabe wa NBA wakati huo, akisukumwa na kuangushwa na kuinuka. Kwa lugha yetu tungesema alipata somo. Na nyinyi mnajua tofauti ya bibi harusi aliyefundwa na aliyepambwa tu.

Kuna na Kareem Abdul-Jabbar. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi na bado anaitwa Lew Alcindor, vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kudanki, na watu wengi waliona kwamba yeye ndiye aliyelengwa. Marufuku hayo yalikaa mpaka 1976. Yeye alifanya nini? Akalisuka zaidi lile tupio la mkono mmoja linalopita juu ya vichwa vya watu, akalifanya lake. Alimaliza kazi akiwa na pointi 38,387, na rekodi yake haikuvunjwa mpaka Februari 2023. Mlango wa kudanki ulipofungwa, alikuwa na mkono mwingine wa kuunoa.

Tulikumbushana na kisa cha Talut. Watu wake walimkataa kuwa mfalme kwa sababu hakuwa na mali, wakaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemzidishia elimu na mwili. Elimu ikatangulia kutajwa. Mmoja wetu alisema wajomba wetu wanaukumbuka mwili na mali, na yule mjomba mkubwa anaikumbuka mali tu. Tukacheka mpaka shangazi akagonga ukuta.

Akafanyaje baadaye? Hapa ndipo dakika moja ya wanaume wetu haifiki. NBA ilimalizana naye akiwa na miaka 27. Umri wa kijana ambaye kwetu bado anatafutiwa mke! Angeweza kukaa akawa "aliyekuwa". Hakukaa. Alirudi ligi ile ile ya chini, Grand Rapids, Michigan, sasa bila mtu wa kumwandika. Mwaka 2017 akaenda Japani, Yokohama. Mwaka 2019 alirudi tena ligi ya chini Marekani, Fort Wayne, Indiana, miaka kumi baada ya usiku wa New York, akiwa na miaka 32, akicheza na vijana ambao walikuwa shule ya msingi alipoitwa wa pili. Kisha Taiwan, kwanza Hsinchu, baadaye Tainan. Na miaka hii ya karibuni jina lake limerudi Dar es Salaam, kwenye jezi ya Dar City.

Kwa hiyo shangazi aliuliza yuko wapi, na jibu tulilipata usiku ule: yupo, kazini. Ngazi ile aliiteremka kweli. Alichofanya ni kuendelea kufanya kazi kwenye kila kipandio alichosimama, pengine kwa pesa ndogo, hakika kwa makofi machache. Kama sisi ndio tungekuwa tunachagua mume kati ya usiku wa New York na ile asubuhi ya Fort Wayne, tungetaka kumwona mtu kwenye asubuhi ya Fort Wayne kwanza.

Maana tuambiane ukweli, mashoga. Posa zinapokuja tunatazama ngazi. Anafanya kazi wapi, cheo gani, gari gani, na, tusijifanye, urefu gani. Hatusemi visitazamwe, mtu hali hewa, na mwanamke ana haki ya kujua atalishwa na nini. Ila kwenye ndoa ya miaka 30 cheo kitapanda na kushuka mara ngapi? Biashara ya Kariakoo inaungua usiku mmoja. Ofisi inapangwa upya. Mwili nao unaumwa. Bahati ya bibi harusi wetu, na tunaiita bahati ingawa wajomba walinuna, ni kwamba alioneshwa hayo kabla ya nikaha. Wengi wetu tulimwona mwanamume wetu siku ya kuteremshwa tukiwa tumeshazaa watoto watatu, na wengine walichokiona hakikuwa kizuri: mkono uliokuwa mpole ukawa mzito, sala ikawa nyumbani, kisha ikawa haipo, kila neno la mke likawa dharau.

Asubuhi shangazi alitukuta tumevimba macho. Tukamsomea yote, kuanzia Connecticut mpaka Tainan, yeye anapepea moto wa mkaa. Alisikiliza. Kwenye Fort Wayne akauliza huko ni wapi, tukamwonesha kwenye simu. Akasema Hasheem ni mtoto wa watu, Mungu ampe afya, lakini bwana harusi wenu si Hasheem. Na hapo, wapenzi, alikuwa na haki. Mtu huwezi kumwoza binti kwa habari za mtu mwingine.

Basi bibi harusi wetu akafanya jambo ambalo sisi wakubwa wake hatukulifikiria. Hakumpigia bwana harusi, maana angemwambia nini, na huyo angejibu nini ila maneno mazuri? Alimpigia dada yake bwana harusi, wifi yake mtarajiwa, mtu ambaye hana sababu ya kumficha kitu kwa kuwa naye ameolewa na anajua. Aliweka simu sauti ya juu. Hakuuliza mshahara. Aliuliza: "Wifi, tangu jambo lile, kaka anaamka saa ngapi?"

Wifi akanyamaza kidogo, akacheka. Akasema kaka anaamka kama zamani, anakwenda msikitini alfajiri, akirudi anampigia mama yake, halafu anakwenda kazini. Siku mbili za mwanzo hakula. Siku ya tatu alinunua koti, kwa sababu huko alikopelekwa kuna baridi, akawaambia asubirini kunicheka. Pesa za fungate amezigusa, sehemu ndogo, kwa ajili ya kodi ya nyumba huko mkoani, na anaona haya kuwaambia wakwe.

Bibi harusi wetu akasema, "Mwambie fungate tutafanyia kwenye baridi."

Shangazi alituangalia sote watatu, akasema twendeni sokoni kabla ya jua. Tulipita Lumumba, tukaingia Mtaa wa Kongo kwenye msongamano, na badala ya lile dera la tatu lenye mawe yanayometa, akamnunulia sweta mbili nzito, moja ya kiume. Ya kiume alibishana bei mpaka muuzaji akatuuliza huyu bibi ametokea wapi.

Nikaha ilisomwa Ijumaa ile ile iliyopangwa, baada ya sala ya Alasiri. Mjomba mkubwa alikuja. Alikula biriani sahani mbili.